Chenza Halitazamwi, Linashikwa: Mwongozo Kamili wa Kununua, Kula na Kupanda Machenza Pwani

Mtu akishuka kwenye basi pale Muheza, njia ya kutoka Segera kwenda Tanga, utamjua kama ni mgeni kwa namna anavyonunua machenza. Mgeni hupitisha macho kwenye mafungu, akachagua lile lenye njano kuliko yote, akalipa, akapanda basi. Mwenyeji huinama, akachukua chenza la kijani, akalipima kiganjani, akalibonyeza karibu na kikonyo, akalirudisha, akachukua jingine. Hata mimi nilikuwa nanunua kwa macho, mpaka siku moja bibi muuzaji aliponiambia, "Mwanangu, unayatazama ya nini? Yashike."

Mambo mengi ya chenza, dukani na shambani, yanaanzia hapo.

## Kwa nini rangi inadanganya

Ganda la chenza hugeuka njano au rangi ya chungwa pale usiku unapokuwa na baridi. Baridi ndiyo inayoufukuza ukijani. Pwani yetu, ambako hata mwezi wa saba mtu analala na dirisha wazi, tunda linaiva ndani, linajaa sukari, na ganda limebaki kijani au limepata mabaka ya njano tu. Mche uleule ukiupanda Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, utakuzalia machenza yanayong'aa kama taa. Lakini tusidhani kwamba yale ya Lushoto lazima yawe matamu zaidi. Mara nyingi joto la bondeni hupunguza ukali, na chenza la mlimani hubaki na uchachu unaosisimua. Nchi nyingine matunda ya kijani huingizwa kwenye vyumba vyenye gesi ya ethilini ili yabadilike rangi kabla ya kufika dukani. Gesi hiyo hupaka ganda tu, haiongezi hata tone la utamu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Embe huvundikwa, ndizi huvundikwa, papai huvundikwa. Chenza halivundikwi. Likishakatwa mtini, sukari yake imekwisha kupangwa, hata uliweke juu ya kabati wiki mbili. Litalegea, litakauka, uchachu utapungua kidogo, basi. Kwa hiyo mchumaji akikosea, mlaji hana la kurekebisha.

## Yapo ya namna gani, na lini

Machenza ya pwani huanza kuonekana sokoni masika yakikatika, mnamo Mei, yakashamiri Juni na Julai, yakaanza kupungua Agosti. Vuli ikiwa nzuri huja mkupuo mwingine mdogo mwisho wa mwaka, lakini usiutegemee. Mchenza huchanua baada ya kiu: ukame wa miezi miwili hivi, kisha mvua, na mti mzima unakuwa mweupe kwa maua. Mwaka ambao mvua haikukatika vizuri, maua huja kwa mafungu mafungu, na mti unakuwa na ua, tunda bichi na tunda bivu kwa wakati mmoja.

Chenza lenyewe ni kubwa kiasi, bapa juu na chini, ganda limelegea. Kangaja ni dogo, lina mbegu nyingi, na harufu yake inabaki mkononi mpaka jioni. Zanzibar ukiuliza kangaja ukapewa chenza, umeibiwa. Kenya siku hizi wengi wanazungumzia pixie, chenza dogo lisilo na mbegu lililozalishwa Chuo Kikuu cha California na kutolewa kwa wakulima mwaka 1965.

Halafu kuna satsuma, ambalo ndugu zetu walioko Uingereza hulinunua kwa mifuko wakati wa Krismasi. Asili yake ni Japani, na jina limetoka jimbo la Satsuma kusini mwa nchi hiyo, ambako miche ilitumwa Marekani mwaka 1878 na mke wa balozi wa Marekani. Halina mbegu, linamenyeka kwa vidole viwili, na mti wake unavumilia baridi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayolifanya lisitufae sisi wa bondeni. Kwenye joto la pwani ganda lake hujaa upepo na nyama hupooza. Kama una shamba Usambara au nyanda za juu na umepata mche halali, jaribu. Kama uko Pangani, panda chenza lako ukae kwa amani.

## Kununua kwa mkono

Chukua mawili yaliyolingana ukubwa, moja kila kiganja. Zito ndilo lenye maji. Kipimo hiki hakikosei, na hakuna kingine kinachokikaribia.

Kisha bonyeza ganda kuzunguka kikonyo. Likiwa limeachana kidogo na nyama, ni dalili njema, ndivyo chenza bivu linavyokuwa. Likibonyea kama puto, limepita: nyama upande wa kikonyo imekauka, ukilifungua utakuta vipande vyeupe vyenye punje kavu kama wali wa jana. Angalia pia kile kitufe cha kijani pale lilipokatwa. Kikiwepo, lilikatwa kwa mkasi. Kukiwa na tundu, liling'olewa kwa kuvutwa, na kuoza kutaanzia hapo hapo ndani ya siku chache.

Makovu ya kahawia yanayokwaruza usiyajali. Ni upepo ulisugua tunda na tawi likiwa changa. Linalopaswa kukutisha ni kidoa kidogo kilicholainika, chenye tundu la sindano katikati na maji yanayotoka ukikibinya. Huyo ni nzi wa matunda, na ndani ameacha watoto.

Muuzaji mzuri atakumenyea moja uonje. Ukionja, nunua, hata kama ni fungu moja.

## Kula na kuhifadhi

Nyumbani usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki. Yanatoka jasho, na siku ya tatu moja limeota ukungu wa bluu na kuambukiza jirani zake. Yatandaze kwenye kikapu au ungo mahali pa kivuli, yatakaa wiki. Kwenye friji, ndani ya chombo kinachopitisha hewa, yanafika wiki mbili hadi tatu. Yatoe saa moja kabla ya kula, kwa sababu chenza la baridi halina harufu, na nusu ya utamu wa chenza ni harufu.

Harufu hiyo iko kwenye vishimo vya ganda. Tuliokua na kibatari tunaujua mchezo: unakunja ganda karibu na mwali, mafuta yanaruka, yanawaka cheche moja baada ya nyingine, mpaka bibi anapiga kelele kwamba mtaunguza chandarua. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayoipa chai ladha. Osha machenza ambayo una hakika hayakupigwa dawa, menya, anika maganda kivulini siku nne tano mpaka yavunjike kwa mkono, weka kwenye chupa kavu. Kipande kimoja na tangawizi kwenye chai ya rangi kinatosha birika zima.

Juisi: kamua kwa mkono au kwa kikamulio. Ukitumia blenda toa mbegu kwanza, kwa sababu mbegu zikisagwa huachia uchungu, na unazidi kadiri juisi inavyokaa. Wala usiongeze sukari kabla ya kuonja. Na wale wanaokula machenza kwa ajili ya vitamini C wajue kwamba chungwa linalizidi karibu mara mbili: chenza lina miligramu 27 hivi kwa kila gramu 100, chungwa lina 53. Chenza tunalila kwa sababu ni tamu.

## Mche: hapa ndipo wengi tunapotapeliwa

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua miche sita kwenye kitalu cha njiani. Ilikuwa na majani mazuri ya kijani kibichi. Mwaka wa nne minne ilizaa machenza, na miwili ikazaa malimau yenye ganda la mabonde mabonde. Jirani akanipa pole akisema mchenza wangu "umegeuka limau." Mti haugeuki. Nilichopanda kilikuwa limau tangu mwanzo.

Iko hivi. Mche bora wa chenza ni miti miwili katika mmoja. Mizizi ni ya mlimau wenye ganda gumu au ya mdanzi, ambayo ni mikakamavu, na juu limebebeshwa jicho, yaani chipukizi changa, la mchenza. Jicho likifa na mwenye kitalu akauacha mche ukue, anakuuzia limau. Hata pale jicho liliposhika, maotea yakichipuka chini ya kiungo, pale jicho lilipobebeshwa, na usiyaondoe, yatakimbia kuliko mchenza wenyewe na kuuzima.

Kwa hiyo kitaluni piga magoti. Tafuta kiungo, sentimita 15 hadi 30 kutoka kwenye udongo: kuna kovu na kupinda kidogo, na mara nyingi gome la juu na la chini hutofautiana rangi. Hakuna kiungo, hakuna biashara. Geuza kiriba, ule mfuko wa nailoni wa mche, uone kama mizizi imetoka chini na kujizungusha. Mche wa namna hiyo umezeeka kitaluni. Muulize muuzaji macho aliyatoa mti gani, na kama anaweza akuonyeshe.

Je, mbegu? Usidharau. Fukia mbegu moja ya chenza na mara nyingi utaona vichipukizi viwili au vitatu vikitoka pamoja. Kile kimoja ni mtoto wa ua na chavua, hujui atakuwaje. Vingine ni mama yao mtupu, tunda lile lile. Tatizo ni muda. Mche wa mbegu unaweza kukuweka miaka sita, saba au zaidi ukiwa na miiba tu, wakati wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu.

Ukitaka kubebesha mwenyewe, fuata hivi:

1. Panda mbegu za limau zikiwa mbichi, siku ile ile au siku chache baadaye. Zikikauka zinakufa.
2. Subiri mche ufikie unene wa penseli. Kwa kawaida ni kabla ya mwaka kuisha.
3. Kata kitawi cha macho kwenye mchenza ambao umekula matunda yake mwenyewe. Chagua kitawi cha mviringo. Kile kichanga chenye pembe tatu bado hakijakomaa. Kata majani, acha vikonyo vyake.
4. Kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, chora herufi T kwenye gome la mche, ndefu ya sentimita mbili na nusu. Banua jicho pamoja na kigome chembamba, liteleze ndani ya T, uso wake ukitazama juu.
5. Funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, maji ya mvua yasiingie.
6. Baada ya wiki tatu fungua na uguse kile kikonyo cha jani. Kikidondoka chenyewe, jicho limeshika. Kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, limekufa, rudia upande wa pili.

Mara ya kwanza nilibebesha macho kumi, yakashika matatu. Kisu changu kilikuwa butu.

## Kupanda

Mchenza unataka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Kabla ya kuchimba mashimo mengi chimba moja, lijaze maji jioni. Asubuhi yakiwa bado yamo, hapo pana matope chini, tafuta pengine au panda juu ya tuta. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama sehemu nyingi za ukanda wa bahari na visiwani, chokaa huuzuia mti kupata chuma, na majani machanga huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Kama unapanda eka nzima, pima udongo kwanza. Kituo cha utafiti cha Mlingano, hapo hapo Muheza, kinajulikana kwa kazi ya udongo.

Chimba mwezi mmoja kabla ya masika: sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, mita 5 kutoka mti hadi mti. Udongo wa juu, ule mweusi, weka kulia. Wa chini weka kushoto. Mvua ikianza, changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza sawasawa, rudisha shimoni, uache utulie. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Chana kiriba ukitoe. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kung'oa mti wa miaka miwili uliodumaa, nikaukuta bado umevaa nailoni yake. Panda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, au juu kidogo, kiungo kikiwa wazi kabisa. Kiungo kikifukiwa, gome linaoza, linatoa gundi ya kahawia, na mti unakufa polepole ukiwa na matunda. Kandamiza kwa mikono, tengeneza kisahani, mwagia ndoo moja ya lita 20, kisha tandaza majani makavu. Matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja.

## Miaka mitatu ya mwanzo

Kiangazi mpe mche ndoo moja mara mbili kwa wiki. Samadi debe moja mwanzo wa masika na jingine mwanzo wa vuli, ukiliweka chini ya ncha za matawi, maana mizizi inayokula iko huko. Mizizi hiyo iko juu juu, kwa hiyo jembe lisiingie karibu. Palilia kwa mkono au fyeka. Katikati ya mistari panda kunde. Mahindi yaweke mbali, yanaunyima jua.

Matunda yakitokea mwaka wa kwanza na wa pili, yapukute yakiwa madogo kama gololi. Inauma. Lakini tawi la unene wa kidole likibeba machenza manane litapasuka, na mti utapoteza mwaka mzima kuponya jeraha. Kupogoa hakuhitaji ufundi mwingi: ondoa maotea ya chini ya kiungo kila uyaonapo, yaliyokufa, na yanayosuguana. Acha katikati pawe na mwanga kidogo.

## Maadui, na rafiki mmoja mkali

Adui wa kwanza utakayemwona anafanana na kinyesi cha ndege juu ya jani. Kiguse: kinatikisika. Ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano. Akikua anakuwa wa kijani, na ukimsumbua anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa kichwani zenye harufu kali. Mche mchanga anaumaliza kwa siku tatu. Dawa yake ni vidole. Mtoto wa darasa la pili atafurahia kazi hiyo. Majani yanayojikunja na kuchorwa njia za fedha ni kazi ya kiwavi mwingine mdogo anayeishi ndani ya jani. Kwenye mti mkubwa mwache. Vidukari na wadudu magamba wapige kwa maji yenye sabuni ya kipande, jioni.

Nzi wa matunda ni habari nyingine. Yule hatari zaidi, mwenye asili ya Asia, alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003 na kuenea haraka Tanzania. Embe ndilo kipenzi chake, lakini embe likiisha anahamia kwenye chenza. Okota kila tunda lililodondoka, kila siku, ulifukie nusu mita kwenda chini au ulifunge kwenye mfuko mweusi juani. Mitego ya kuvuta madume inauzwa kwenye maduka ya pembejeo na inasaidia, ila mitego bila kuokota ni kupunga upepo.

Rafiki ni maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Wanawinda wadudu, na nzi huogopa kutaga walipo. Wachina walikuwa wakiweka jamaa zao kwenye michungwa tangu karne ya 4. Wanauma, na wanafuga wadudu magamba kwa ajili ya asali yao, kwa hiyo si malaika. Mimi nawaacha. Siku ya kuchuma navaa mikono mirefu na kupaka majivu shinani.

Ugonjwa wa kuogopwa ni ule wa majani kuwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za jani, na matunda kuwa madogo, yamepinda, yenye mbegu zilizosinyaa. Unaenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani machanga, na hauna tiba. Muite afisa ugani athibitishe. Akithibitisha, ng'oa na uchome. Usikate macho kwenye mti wa aina hiyo hata kwa bahati mbaya.

## Kuchuma

Mchenza una tabia ya kubeba kupita kiasi mwaka mmoja na kugoma mwaka unaofuata. Matunda yakiwa ukubwa wa ndimu, punguza: palipo na matano kwenye kishada acha mawili, yakae umbali wa ngumi. Yatakayobaki yatakuwa makubwa, na mwakani utaona maua.

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Ganda lenye maji linavilia ukilibana. Tumia mkasi, kata mara mbili: kwanza kikonyo kirefu, kisha kifupi kabisa, kisije kikatoboa chenza jirani ndani ya tenga. Usitikise mti. Lililodondoka usilichanganye na mengine, lile ni la juisi ya jioni.

Ila kabla ya kuleta ngazi, onja mawili: moja la juu nje, linalopigwa na jua kutwa, na moja la ndani, lililojificha kwenye kivuli cha majani. La juu litakuwa tamu kwanza, kila mwaka. Likiwa tamu na la ndani bado linakukunja uso, chuma ya nje peke yake, urudi baada ya wiki moja na kuonja la ndani tena.